Kondoo ndani ya vituo vya sola: mwanagenzi hujifunza nini?

Mvua za Deyr zikinyesha vizuri, nyasi hurefuka haraka mahali ambapo mifugo haiingii. Kituo kikubwa cha umeme wa jua huzungushiwa ua, na ndani ya ua huo hakuna mnyama wa kula nyasi. Zikiachwa, hupanda hadi zikaanza kutia kivuli ukingo wa chini wa paneli, na paneli iliyo kivulini hutoa umeme kidogo. Zikikauka, cheche moja inatosha kuleta hasara kubwa. Kwa hivyo mwenye kituo hulipa watu wa kufyeka. Upande wa pili wa seng'enge, mfugaji anasimama na kundi lake akitazama malisho yakikatwa na kutupwa.

Katika nchi kadhaa shida hizi mbili zimekutanishwa. Kondoo huingizwa kituoni kwa mkataba, wanakula nyasi chini ya paneli, na mfugaji hulipwa kwa kazi hiyo. Kazi imekua kiasi cha kuhitaji watu waliofunzwa, na ndiyo sababu vijana sasa huchukuliwa kama wanagenzi wa malisho na utunzaji wa ardhi katika vituo vya sola. Makala haya yanaeleza mafunzo hayo yana nini ndani yake, na kijana wa kaunti yetu anaweza kujiandaa vipi iwapo fursa kama hiyo itafika hapa.

Tuseme mapema ili mtu asipoteze nauli: hili si tangazo la nafasi za kazi.

Kazi yenyewe ilivyo

Nchini Marekani wafugaji wa aina hii wana chama chao, American Solar Grazing Association. Hesabu waliyoifanya mwaka wa 2024 ilionyesha kondoo zaidi ya 113,000 wakilishwa katika takriban ekari 129,000 za vituo vya sola. Huko Australia, katika jimbo la New South Wales, kondoo wa sufu hulishwa chini ya paneli karibu na miji ya Parkes na Dubbo. Wafugaji wa huko wameeleza kwamba wakati wa ukame mistari ya kijani ilibaki chini ya ukingo wa paneli, kwa kuwa umande wa usiku hukusanyika juu ya kioo na kudondoka mahali pamoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State walilinganisha wanakondoo waliolishwa chini ya paneli na wengine waliolishwa uwanda wazi. Nyasi za chini ya paneli zilikuwa chache zaidi kwa sababu ya kivuli, lakini zilikuwa laini na zenye lishe bora, na mwishowe wanakondoo wa pande zote mbili waliongeza uzito kwa kiwango kinachokaribiana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2021. Oregon ina baridi na mvua, na Garissa si Oregon, kwa hivyo tusiyachukue matokeo hayo mazima mazima. Hata hivyo, mchungaji yeyote wa hapa anajua thamani ya kivuli saa saba mchana.

Kwa nini kondoo na si mnyama mwingine? Ng'ombe ni mzito, hujikuna kwenye nguzo na kuzipinda. Mbuzi hupanda juu ya kitu chochote kinachopandika, na meno yake hayachagui kati ya tawi la mgunga na waya wa umeme. Ngamia tumwache, paneli zenyewe zingemfika tumboni. Kondoo hula akiwa ameinamisha kichwa, hupita chini ya paneli bila kuzigusa sana, na hapendi kupanda.

Hapa msomaji wa kaunti yetu ana jambo la kujivunia. Kondoo anayefaa zaidi kwa kazi hii ni yule asiye na pembe za kunasa nyaya, asiyehitaji kukatwa sufu, na anayevumilia joto. Huyo ni kondoo wetu wa Kisomali mwenye kichwa cheusi. Dorper, anayependwa sana na wafugaji wa vituo vya sola katika sehemu zenye joto za Marekani, alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Dorset Horn kutoka Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi ambaye asili yake ni pembe hii ya Afrika. Kwa maneno mengine, damu ya kondoo wetu imetangulia kupata kazi ambayo sisi bado tunaisoma.

Hapa kwetu

Kituo cha sola cha Garissa kilifunguliwa rasmi Desemba 2019. Kiko chini ya shirika la umeme vijijini, REREC, kina paneli 206,272 na uwezo wa takriban megawati 55, juu ya hekta 85, yaani karibu ekari 210. Vituo vingine vikubwa viko Kilifi, karibu na Malindi, na Uasin Gishu, karibu na Eldoret. Isinya, Kaunti ya Kajiado, kuna shamba la majaribio lililoanzishwa mwaka wa 2022 ambapo mboga hukuzwa chini ya paneli zilizoinuliwa juu. Jambo hilo lina uhusiano na hili la kondoo, ila paneli za juu ni ghali zaidi, na kondoo hahitaji nafasi kubwa hivyo.

Uamuzi wa kuingiza kondoo katika kituo chochote ni wa mwenye kituo. Serikali ya kaunti haiwezi kuamuru. Inachoweza kufanya, kupitia idara ya mifugo, ni kuhakikisha kwamba siku mlango ukifunguliwa, watakaoingia wamefunzwa na mifugo yao ina afya.

Siku ya mwanagenzi

Kazi huanza kwa kuhesabu. Asubuhi kondoo huhesabiwa kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu kati ya mistari mia ya paneli zinazofanana kondoo mmoja mgonjwa anaweza kulala siku nzima bila kuonekana. Baadaye huja maji. Mwanagenzi huangalia birika, hulisafisha, hupima maji yaliyonywewa. Birika na chumvi ya mifugo huwekwa mbali na nguzo na masanduku ya umeme, kwa kuwa kondoo hukusanyika penye maji na chumvi, na wanapokusanyika ardhi hubaki tupu. Chumvi iwe ya kondoo. Ile ya ng'ombe mara nyingi ina shaba nyingi, na shaba humuua kondoo polepole.

Afya huchukua muda mrefu zaidi. Mwanagenzi hujifunza kufunua kope la chini la kondoo na kulinganisha rangi yake na kadi iitwayo FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini. Kadi ina rangi 5, kutoka nyekundu ya afya hadi nyeupe ya hatari. Kope jeupe huonyesha upungufu wa damu, na mara nyingi chanzo ni minyoo wa tumboni wanaofyonza damu. Anayehitaji dawa hupewa, asiyehitaji huachwa. Wengi wetu tumezoea kununua dawa kwenye agroveti na kuwanywesha kondoo wote siku moja, na ndivyo minyoo wanavyozoea dawa hadi isifanye kazi tena. Mwanagenzi akirudi nyumbani na somo hili peke yake, boma lake litakuwa limefaidika.

Baada ya hapo huja ukaguzi wa ua, kukata kwa mkono nyasi zilizobaki kuzunguka nguzo, na kuandika. Kila siku huandikwa kondoo walikuwa wangapi, walikuwa mstari gani, nyasi zilikuwa na urefu gani walipoingia na walipotoka, nani alipewa dawa gani na lini. Vijana wengi hawaipendi sehemu hii. Lakini daftari ndilo linalomfanya mwenye kituo amwamini mfugaji, na mkataba wa mwaka wa pili hutokana nalo.

Wafugaji wa Marekani hutumia nyavu za umeme kugawa malisho vipande vipande, kwani mtu mmoja huangalia mamia ya kondoo. Hapa mchungaji mwenye fimbo anafanya kazi hiyohiyo tangu utotoni. Kijana aliyekulia nyuma ya mifugo huingia kwenye mafunzo haya akiwa na nusu ya elimu tayari, na asikubali kuambiwa kwamba hajui kitu.

Hesabu ya nyasi

Nusu ya pili, ile ambayo wengi hawana, ni kupima malisho. Tuifanye hapa, maana haihitaji mashine.

Chagua mahali pa kawaida, pasipo na nyasi nyingi mno wala chache mno. Pima mita moja kwa mita moja. Kata nyasi zote ndani ya mraba huo, zianike hadi zikauke kabisa, kisha pima uzito. Rudia mahali kadhaa upate wastani. Tuseme umepata gramu 100. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hivyo ekari hiyo ina takriban kilo 400 za nyasi kavu.

Usizilishe zote. Kanuni ya wataalamu wa malisho ni kula nusu na kuacha nusu, ili mizizi isife na udongo usibaki wazi. Zimebaki kilo 200. Kondoo wa kilo 35 hula takriban kilo 1 ya nyasi kavu kwa siku. Basi ekari hiyo inalisha kondoo 200 kwa siku moja, au kondoo 50 kwa siku 4. Siku ya tano wahame.

Katika kituo cha sola kuna sababu nyingine ya kuacha nusu. Ardhi tupu hutoa vumbi, vumbi hukaa juu ya kioo, na umeme hupungua. Mfugaji anayetaka kumfurahisha mwenye kituo kwa kuacha ardhi inang'aa kama uwanja wa mpira atakuwa amemharibia.

Hesabu hiyohiyo inatuonyesha ukubwa halisi wa jambo hili. Chukua ekari 210, na tujifanye kwamba zote zimemea nyasi kiasi hicho, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu ya barabara za ndani, majengo na kivuli. Zingelisha kondoo 500 kwa siku 84, chini ya miezi 3. Katika nchi yetu ya mvua mbili fupi, nyasi hazimei tena hadi mvua ijayo. Hii si kazi ya mwaka mzima, na kundi moja la kondoo 500 linahitaji wachungaji wachache, si mamia ya vijana. Anayekuambia kwamba sola italeta ajira ya kondoo kwa kila nyumba anatafuta kitu kwako.

Faida yake iko kwingine. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na familia nyingi za kaunti hii zinajua zilipoteza wangapi kwa majina. Malisho ya wiki chache, yenye maji na ulinzi wa ua, yakitolewa kwa kondoo wanaonyonyesha kwa wakati unaofaa, yanaweza kuokoa wanakondoo wa msimu. Na kijana aliyejifunza kupima nyasi kituoni anaweza kuzipima pia katika malisho ya jamii, ambayo ni makubwa kuliko kituo chochote.

Mathenge

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Marekani havitamfundisha mwanagenzi wetu, nalo ni mathenge. Kondoo hupenda maganda yake matamu. Mbegu hupita tumboni bila kusagika, na hutoka na kinyesi zikiwa tayari kuota penye mbolea. Kundi lililokula maganda ya mathenge jana, likiingizwa kituoni leo, linapanda mathenge chini ya paneli. Baada ya misimu michache kituo kitakuwa na miiba inayotoboa magurudumu na matawi yanayofunika vioo, na mfugaji ndiye atakayelaumiwa, kwa haki.

Dawa yake ni kuwaweka kondoo kando kwa siku kadhaa wakila nyasi au majani makavu yasiyo na maganda, hadi tumbo lisafike. Hata hivyo, miche inayoonekana ing'olewe ingali midogo, mzizi wote. Kung'oa miche ya mathenge ni kazi ya mwanagenzi ya kila siku.

Usalama

Paneli hutengeneza umeme wakati wowote kuna mwanga. Hata swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye paneli bado zina umeme mchana kutwa. Mwanagenzi haruhusiwi kugusa waya uliolegea, paneli iliyovunjika wala sanduku lolote la umeme. Anaita fundi na kuwaondoa kondoo hapo. Kabla ya kundi kuingia, nyaya zote zinazoning'inia lazima zifungwe juu, mahali mdomo wa kondoo haufiki, na hilo ni jukumu la mwenye kituo. Kengele na kamba za shingoni huvuliwa mlangoni ili zisinase. Nyoka pia hupenda kivuli cha paneli, kwa hivyo buti si mapambo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kukubali

Huko Marekani mwenye kituo humlipa mfugaji kwa ekari, kwa sababu anaokoa gharama za kufyeka. Hapa kuna hatari ya mambo kugeuzwa, mfugaji akaambiwa alipie nyasi, au kijana akaambiwa achunge bure kwa jina la mafunzo. Kuna tofauti kati ya mwanagenzi na kibarua asiyelipwa. Mwanagenzi ana mtu anayemfundisha, ana mpango wa mafunzo ulioandikwa, ana tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mwishoni hupata cheti au barua inayosema alichojifunza. Ukikosa hivyo vyote, uko kazini, na kazi ina ujira wake.

Uliza pia kuhusu bima. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka wa 2007 inawataja wanagenzi pamoja na wafanyakazi wengine, kwa hivyo mwajiri hawezi kusema kwamba wewe ni mwanafunzi tu. Wanafunzi wa vyuo wanaotafuta nafasi za mafunzo kazini wapitie ofisi ya chuo chao, na waulize kama mwajiri anatambuliwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Usilipe mtu yeyote pesa ili upate nafasi, awe ni wakala, jamaa au mtu anayejiita afisa wa kaunti.

Kwa anayetaka kujiandaa sasa, njia ziko mbili na zinaweza kuunganishwa. Ya mifugo hupitia taasisi za AHITI, na anayetaka kutibu mifugo kwa malipo lazima asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Ya umeme hupitia vyuo vya kiufundi, na fundi wa sola lazima apate leseni ya EPRA. Kijana mwenye elimu ya mifugo anayeelewa pia usalama wa umeme ni adimu, na hao ndio wanaotafutwa kwanza.

Jamii ambazo zitaombwa ardhi kwa vituo vipya zina nafasi kubwa zaidi kuliko kijana mmoja mmoja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016, mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii iliyosajiliwa unahitaji mashauriano ya wazi na kibali cha thuluthi mbili ya wanachama watu wazima katika mkutano wa jamii. Haki ya kulisha kondoo ndani ya ua baada ya mvua, na idadi ya vijana watakaofunzwa kila mwaka, ni mambo yanayoweza kuandikwa humo. Yaombwe kabla ya kutia sahihi. Ua ukishasimama, mazungumzo huwa magumu.

Mwisho, kuhusu mifugo wenyewe: kundi lolote linalohamishwa linahitaji kibali cha afisa wa mifugo, na kondoo wawe wamechanjwa dhidi ya PPR, ambayo wengi huiita sotoka ya mbuzi na kondoo. Wafugaji wenye maswali wafike katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yao wakiwa na idadi ya kondoo na kumbukumbu za chanjo. Wasio na kumbukumbu waje tu, tutaanza kuziandika siku hiyo.